Mtoto Alikuwa wa Nakiru

Nawoitorong, Lodwar

Akai,

Barua tulizofundishwa kuandika shuleni zilianza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Wewe uko chumba cha pili, nakusikia ukigombana na zipu ya begi lako, na mimi si mzima. Kwa hiyo nitaanza ninavyojua.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga neti na kutomkopesha kila mtu simu, mama yako ameshayasema, na ameyarudia hadi jirani ameyashika. Sitaongeza. Kesho unaenda Kalobeyei kuendesha lori la maji, na utapita barabara ninayoijua kuliko ninavyoijua Biblia. Nina maneno juu ya barabara hiyo ambayo nimeshindwa kukuambia ana kwa ana. Kila nikifungua mdomo naishia kukuuliza kama umekagua upepo wa tairi, nawe, binti yangu, unanijibu, "Apa, naenda na basi ya watu, tairi si yangu."

Jambo lenyewe ni hili. Nyumba hii unayolala leo itapigwa mnada. Mahakama imeshaamua, na madalali wameshakuja kuipima kwa macho huku wakijifanya wanatafuta njia ya kwenda mtoni. Kesho baba yako mdogo Ewoi atakungoja stendi akiwa na karatasi inayosema kwamba ploti hii ni yako tangu zamani, na atataka utie sahihi ili nyumba isiguswe. Najua ameshakudokezea. Najua pia amekuambia kuna mwanamke wa Kakuma aliyetupeleka mahakamani baada ya sisi kumaliza kila kitu kwa mila. Kabla hujashika kalamu ya Ewoi, nataka ujue mwanamke huyo ni nani na sisi tulimaliza nini.

Ulikuwa kidato cha kwanza, uko bweni. Uliporudi likizo ukakuta pikapu haiendi popote, nikakuambia injini imekufa. Injini ilikuwa nzima.

Siku hiyo nilibeba nyanya na kabichi kutoka hapa kupeleka soko la kambini Kakuma. Nyanya haina subira kwenye jua letu, na mimi pia sikuwa nayo. Juu ya makreti nilikuwa nimepakia watu, kama tulivyofanya sote. Mbele kando yangu aliketi Mama Furaha, Mkongomani mwenye kibanda cha mboga kambini, ambaye nusu ya mzigo ilikuwa yake. Wewe umekua na lami. Sisi tulikaa miaka mingi tukiendesha ndani ya mashimo, na lami ilipokuja tukaona kwamba sasa ni zamu yetu ya kukimbia. Hatukufikiria kwamba mbuzi nao hawajaizoea, wala watoto wanaowachunga.

Kabla ya kufika Kakuma, pale barabara inaposhuka kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga, mbuzi walikuwa wakivuka. Nilipiga honi. Shika hapo, maana ndipo kosa lilipoanzia. Nilikuwa na nafasi ya kukanyaga breki, nikapiga honi, kwa sababu niliamini barabara ni ya mwenye gari na mwenye mbuzi ndiye wa kupisha. Mbuzi wakatawanyika. Msichana aliyekuwa akiwachunga akarudi mbio kumvuta mwanambuzi aliyebaki katikati, nami nikamgonga.

Sauti yake sitakueleza.

Waliokuwa nyuma wakaanza kugonga mabati ya gari wakinihimiza niende. Unajua tunavyofundishana huku: ukigonga mtu usisimame, ndugu zake watakumaliza kabla hujajieleza. Mguu wangu ulikuwa umeshalitii somo hilo, uko kwenye mafuta. Mama Furaha akaushika usukani akapiga kelele, "Papa, simama! Mutoto angali anapumua!" Nilisimama. Ningependa uamini kwamba nilisimama kwa utu wangu. Nilisimama kwa sababu mwanamke yule angetupindua sote.

Tulimlaza mapajani mwake nikaendesha kuelekea hospitali. Mama Furaha alikuwa akimwimbia wimbo wa kwao, wa kanisani nadhani, na baada ya muda akaacha kuimba. Sikumuuliza kwa nini ameacha. Hospitalini wakampokea mtoto kama wanavyowapokea waliokwisha kufa, bila haraka, na muuguzi akaniambia, "Sasa wewe enda polisi uandikishe, halafu urudi hapa." Nikasema ndiyo. Nilifika hadi lango la kituo. Askari mmoja alikuwa nje anakunywa chai kwenye kikombe cha bati, hata hakuinua macho. Nikakaa ndani ya gari injini ikinguruma. Kisha nikageuza.

Akai, sheria haikudai makubwa pale. Inataka usimame, umsaidie aliyeumia, useme wewe ni nani, kisha ajali iandikwe upesi kwenye kile kitabu cha polisi wanachokiita OB, siku hiyohiyo, usingoje kesho. Ukiona watu wanakuja na hasira, kimbilia kituoni. Hakuna hakimu mwenye akili atakayekulaumu kwa kukimbilia kwa polisi. Atakulaumu ukikimbilia nyumbani, na nyumbani ndiko nilikokimbilia mimi. Nilikuwa nimeshafanya yale magumu, kilichobaki kilikuwa kushuka kwenye gari na kutembea hadi mezani.

Nilimpigia Ewoi simu. Akanifokea kama mtoto. "Wewe iko na akili? Polisi itakula wewe, itakula na hao watu. Gari italala hapo mpaka ioze. Hii maneno tunamaliza na wazee. Kwani sisi hatuna mila?"

Mila tunayo, na sitaki unisikie nikiitukana. Mila hiyo imezuia damu nyingi kumwagika katika nchi hii wakati mahakama ilikuwa safari ya wiki. Upande wa aliyeua unakaa na upande wa aliyefiwa, mifugo inatoka, mbuzi anachinjwa, watu wanapakwa majani ya tumboni mwake, na kuanzia hapo mnaweza kunywa maji kwenye kisima kimoja. Ni kitu kizuri. Lakini mila haiandiki kwenye OB, na haiipigii simu kampuni ya bima. Ningeweza kwenda polisi asubuhi na kwa wazee jioni, na hakuna wa upande wowote ambaye angenizuia. Nilichagua kimoja kwa sababu kilikuwa na watu wanaonifahamu.

Tulikaa kwenye mchanga wa laga. Upande wa pili alikuja mtu anaitwa Lokwang pamoja na kaka zake, akasema yeye ndiye baba ya mtoto. Mifugo ilitoka Namoruputh, bomani kwa babu yako. Aliwatenga ngamia mwenyewe kwa fimbo yake, akawatazama wakienda, na tangu siku hiyo hajawahi kuwa na ngamia tena. Ukijiuliza kwa nini babu yako aliacha kuja mjini kututembelea, sababu ni hiyo. Tulibishana mchana kutwa kuhusu rangi za wanyama na umri wao, na katika maneno yote hayo hakuna hata mmoja aliyetaja jina la mtoto. Alikuwa ni "yule msichana."

Wanawake walisimama kando. Mmoja alikuwa amenyoa kichwa, shingo tupu, ushanga ameuvua. Mbuzi alipokwisha kuchinjwa mwanamke huyo akasema, kwa lugha yetu na bila kupaza sauti, "Muulizeni Lokwang ni fahali gani alichinja kwa baba yangu." Wanaume wakacheka kidogo, kicheko cha aibu. Mmoja akamwambia anyamaze. Lokwang akawa anachimba mchanga kwa kidole cha mguu.

Wewe ni mtoto wa mjini na mama yako ni wa Kitale, kwa hiyo pengine hilo limekupita. Kwetu mwanamume anaweza kuishi na mwanamke, akazaa naye, wakazeeka pamoja. Lakini mpaka mahari itolewe na fahali wa harusi achinjwe, watoto si wake. Ni wa boma la baba ya mwanamke. Hili halifundishwi, mtu analinyonya pamoja na maziwa. Lokwang hakuwa amechinja fahali. Mwanamke yule, Nakiru, alikuwa anatuambia kwa heshima kubwa kuliko tuliyostahili kwamba tunampa mifugo mtu asiyehusika.

Nilimwelewa papo hapo. Ewoi naye alimwelewa, nikaona macho yake yananitafuta. Ningeinua mkono tu, wazee wangesimamisha kila kitu. Lakini nikawaza: wanyama wameshafika, hawa wameshakubali, mbuzi ameshachinjwa, tukianza upya na boma jingine mifugo mingine itatoka wapi? Nikainama nikapakwa kifuani. Mama Furaha angenishika usukani hapo pia, lakini hakuwapo. Usiku ule nililala vizuri, Akai. Kuhusu breki naweza kusema ilikuwa bahati mbaya, lakini kuhusu usingizi ule sina la kusema.

Miezi ikapita. Nakiru akaja hapa. Wewe ulikuwa shule. Alisimama nje ya lango la mabati akasalimu "Ejok, Ejok" mpaka mama yako akamfungulia, akampa kiti na chai. Kwa makusudi akazungumza Kiswahili, ili mama yako asikie.

"Mimi sitaki mbuzi," akasema. "Mbuzi yenu, Lokwang alikula. Mimi nataka karatasi ya polisi, ile inasema mtoto yangu alikufa na gari."

Nikamwambia, "Mama, hiyo maneno iliisha. Enda uliza Lokwang."

Alimaliza chai yake, akamshukuru mama yako, akaenda. Mama yako akabaki ameshika kikombe. "Mtoto gani?" akaniuliza. Hivyo ndivyo alivyojua. Mimi na yeye tulikuwa tumelala kitanda kimoja miezi yote hiyo na sikuwa nimemwambia kitu.

Karatasi ya polisi haikuwapo kwa sababu sikuandikisha ajali. Alichokuwa akiomba kwangu kilikuwa haki yake, na ilikuwa inakaa mfukoni mwangu. Kama ningetembea naye siku ile hadi kituoni tukaandikisha, hata kwa kuchelewa, huenda leo tungekuwa tunasimuliana mambo mengine. Lakini Nakiru ni mtu wa kutembea. Alipata binti mmoja anayewasaidia watu na mambo ya sheria, akapata cheti cha kifo hospitalini, akampata Mama Furaha kambini, akafungua kesi.

Wito wa mahakama uliletwa hapa na kijana mmoja mwenye mkoba. Niliupokea kwa mkono wangu. Ewoi akasema, "Hiyo ni karatasi tu. Sisi tulimaliza." Nikauweka chini ya godoro. Mimi, ambaye ningekuchapa kwa kutupa barua ya mwalimu mkuu! Nilidhani kesi ni kama njaa ya mbwa wa jirani, usipoitazama itaenda kwingine. Kesi haiendi kwingine. Ukikaa kimya mahakama inasikiliza upande mmoja tu, na inaamua. Ukiitwa, Akai, nenda. Nenda hata kama huna la kusema, hata kama kosa ni lako lote. Nenda useme kosa ni langu.

Nilipozinduka nikakimbilia kampuni ya bima. Stika ilikuwa kwenye kioo, nilikuwa nailipia bila kukosa, na niliingia pale na kifua mbele. Dada aliyekuwa mezani alikuwa mpole, na upole wake uliniumiza zaidi. Aliniuliza kama niliwajulisha ajali ilipotokea. Hapana. Kama niliwaletea wito nilipoupata. Hapana. Kisha akafungua makaratasi akaniuliza kama gari lilikuwa limebeba abiria. Bima yangu ilikuwa ya mizigo. Nilikuwa sijawahi kuisoma, nilikuwa naitazama stika tu kama mtu anavyotazama picha ya rais ofisini. Wakajitoa, wakapigania kujitoa, wakashinda.

Kwa hiyo hilo lori la maji, isome bima yake mwenyewe, usiambiwe na fundi wala na bosi. Na wakikusimamisha barabarani wakakuomba lifti, mama na mtoto, kwenye jua unalolijua wewe, itakuuma. Kama bima hairuhusu, kataa. Watasema binti wa Lodwar ana maringo. Acha waseme.

Siku ya ushahidi nilienda. Hakimu akaniambia nimechelewa kujibu, nikae nisikilize. Mama Furaha alisimama akasema ukweli wote, ulioniumiza na ulionisaidia. "Alikuwa anakimbiza gari. Lakini alisimama." Akanitazama aliposema hilo la pili, na nilitaka kumwambia hapana, ni wewe uliyesimama.

Halafu Nakiru. Hakimu akamuuliza yeye ni nani kwa marehemu. "Mtoto ni yangu. Mimi nazaa yeye, mimi nazika yeye." Akaulizwa jina la mtoto. Asekon. Nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nimeliandika hapa ili angalau mtu mmoja wa ukoo wetu alijue.

Hakimu hakuuliza habari za fahali. Sheria inasema aliyemzaa ni mzazi, awe ameolewa kwa mila, kwa kanisa au hakuolewa kabisa. Basi ona kichekesho: mila ilisema mtoto ni wa upande wa Nakiru, sheria nayo ikasema ni wa Nakiru. Mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuzikosea zote mbili kwa siku moja. Nilipoulizwa kama mama huyo alipokea chochote kutoka kwetu, sikuwa na shahidi, maana hakupokea. Ngamia wa babu yako waliishia kwa Lokwang, na Lokwang alishahamia nao ng'ambo ya mpaka, kule Nadapal.

Pikapu ikauzwa kwanza. Sasa ni zamu ya nyumba. Mama yako ana fungu lake, kwa sababu alijenga kama mimi, na kwa kweli kuliko mimi. Wewe hukumbuki, ulikuwa mgongoni mwake alipokuwa akibeba maji ya kukorogea saruji huku mimi niko safarini nikijisifu kwamba najenga. Wakili ameliombea fungu hilo na litamtosha kupanga chumba kwa muda. Nilimwambia mama yako kwamba tumeonewa. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Nitapanga chumba. Nitaanza upya. Lakini usiniambie tena kwamba tumeonewa." Hatujazungumza sana tangu siku hiyo. Umeliona hilo siku zote hizi na umekuwa na adabu ya kutouliza.

Turudi kwa Ewoi. Usimchukie. Ni yeye aliyekulipia karo mwaka ambao gari liliuzwa, akauza ng'ombe wake wa mwisho wa maziwa na hakukutajia. Anatupenda, na anapenda kwa njia moja tu anayoijua, ya kuzingira boma. Ila uongo haumfai. Karatasi yake ya kwanza ilisema wewe uliinunua ploti kutoka kwangu kabla ya ajali. Nikamwambia, Ewoi, kabla ya ajali Akai alikuwa darasa la nane, alinunua kwa pesa gani, kwa peremende? Akaenda akaibadilisha, sasa inasema nilikupa zawadi ulipofaulu mtihani. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Ewoi ni fupi zaidi kwa sababu haangalii hata kalenda.

Lakini cheko pembeni. Ukitia sahihi hutakuwa umemsaidia Ewoi tu. Utaitwa mahakamani, utashika Biblia, utaapa kwamba nyumba ni yako tangu utoto. Wakigundua, kuna jela hapo, na leseni uliyoitafuta kwa jasho kwenye mchanga wa Kawalase haitakusaidia kitu ndani. Wasipogundua ni vibaya zaidi. Nakiru atakuwa amezunguka miaka yote hii, kwa miguu na kwa malori ya watu, amesema ukweli mbele ya wazee na mbele ya hakimu, na pote pawili atakuwa ameondoka mikono mitupu. Mara ya kwanza kwa ukimya wangu, mara ya pili kwa sahihi yako.

Utamwona. Anauza makaa kando ya barabara, karibu na ile laga, upande wa kulia ukienda. Usimpe chochote kwa niaba yangu, usininunulie amani kwa maji ya lori la watu. Punguza mwendo ukifika hapo, na ukiona mbuzi kanyaga breki, honi iache.

Kuna jambo moja nimelizunguka tangu nilipoanza kuandika. Karatasi ya Ewoi ina nafasi mbili za sahihi, ya anayetoa na ya anayepokea. Ya anayetoa imeshajazwa. Nilisaini Jumapili tulipotoka kanisani, kwenye meza hiihii, mama yako akiwa jikoni anapika. Ewoi alilia, nikamtazama analia, nikatazama ukuta huu, nikasaini. Nimekuandikia haya yote kama mtu aliyejifunza. Nilijifunza kweli, Akai. Nikasaini vilevile.

Kesho nikishakusindikiza hadi langoni nitaenda kwa wakili kusema karatasi ile ni ya uongo. Ndivyo ninavyosema sasa hivi. Lakini hata muuguzi nilimwambia ndiyo. Sijiamini, mwanangu, na sitaki Nakiru aingie mahakamani tena akitegemea ujasiri wangu. Bila jina lako karatasi ile haina nguvu.

Ewoi atakubembeleza. Atasema mama yako atalala kwa watu. Atasema babu yako atakufa kwa aibu. Mwisho atasema baba yako mwenyewe ameshakubali, atakuonyesha jina langu, na mwandiko utautambua. Umelelewa kumtii baba yako, na umenitii vizuri. Hapo usinitii. Kataa.

Apa